Valencia, Amarillo na Lake Area: Vyuo Vitatu vya Jamii vya Marekani, na Namna ya Kutambua Kinachokufaa

Mtu anayefikiria kuanza elimu ya juu nchini Marekani kupitia chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili kinachopokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari, hupewa ushauri mwingi kuhusu ada na ushauri mdogo mno kuhusu tofauti iliyopo kati ya chuo kimoja na kingine. Huambiwa kwamba vyuo hivi ni nafuu, jambo ambalo ni kweli, na huachwa aamini kwamba vyote ni sawa, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Katika familia nyingi za Waswahili walioko Amerika Kaskazini hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu chuo cha miaka miwili hutazamwa kwa jicho lilelile ambalo nyumbani Afrika Mashariki limekuwa likivitazama vyuo vya kati: ni mahali pa waliokosa nafasi chuo kikuu. Mtazamo huo unawagharimu vijana wetu fedha na miaka, na ndiyo sababu naona inafaa kuviweka vyuo vitatu vyenye sifa ya kitaifa kimoja kando ya kingine, tuone kila kimoja kimewafanyia nini watu wa mji wake, taifa limejifunza nini kwacho, na ni mwanafunzi wa aina gani anayefaidika nacho.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazowafikisha wengi katika mlango huu. Katika mwaka wa masomo wa 2024–25, wastani wa ada ya chuo cha umma cha miaka miwili kwa mkaazi wa eneo la chuo ulikuwa dola 4,050 kwa mwaka, ilhali chuo kikuu cha umma kilimtoza mkaazi wa jimbo wastani wa dola 11,610. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell Grant, ambayo mwanafunzi harudishi, ilifikia dola 7,395 kwa mwaka huohuo kwa mwenye uhitaji mkubwa kabisa, na wenye kadi ya kijani ya ukaazi wanaruhusiwa kuiomba sawasawa na raia. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo anaweza kusoma miaka miwili ya kwanza bila kulipa ada yoyote kutoka mfukoni, na bado akabakiwa na kiasi cha kununulia vitabu na kulipia nauli.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hauzungumzwi vya kutosha. Wanafunzi wanaoingia vyuo vya jamii huku wakisema lengo lao ni shahada ya kwanza ni takribani wanane kati ya kila kumi. Wanaohamia kweli chuo kikuu ni kama theluthi moja, na wanaoipata shahada hiyo ndani ya miaka sita tangu walipoanza ni takribani asilimia 16 tu. Kati ya lengo na matokeo kuna pengo kubwa sana, na ni mahali hapo ambapo chuo kimoja hutofautiana na kingine kwa kiwango ambacho ada pekee haiwezi kukionyesha. Chuo cha bei nafuu ambacho mwanafunzi anakiacha baada ya mihula mitatu, akiwa na deni na krediti (yaani vipimo vya masomo aliyofaulu, vinavyojumlishwa kuelekea cheti au shahada) zisizotambuliwa popote, ni ghali kuliko chuo kikuu alichokikimbia.

Vyuo hivi vina historia ndefu. Joliet Junior College cha Illinois, ambacho ndicho kikongwe zaidi kati ya vile vya umma, kilianzishwa mwaka 1901, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo vya aina hii vienezwe nchini kote ili kila mwananchi apate elimu baada ya sekondari karibu na alipo. Leo vipo takribani 1,000. Kila baada ya miaka miwili taasisi ya Aspen, yenye makao yake Washington, hutoa tuzo ya dola milioni moja kwa chuo au vyuo vilivyofanya vizuri zaidi, ikitazama wanafunzi wangapi wanamaliza, wangapi wanahamia vyuo vikuu na kupata shahada, wahitimu wanapata kipato gani, na kama maskini na walio wachache wanafaidika sawa na wengine. Nimevichagua vyuo vitatu miongoni mwa washindi wa tuzo hiyo kwa sababu vilishinda kwa njia zisizofanana kabisa: Valencia College cha Orlando, Florida, kilichoshinda tuzo ya kwanza kabisa mwaka 2011, Lake Area cha Watertown, South Dakota, kilichoshinda mwaka 2017, na Amarillo College cha Texas, kilichoshinda mwaka 2023 kwa pamoja na Imperial Valley College cha California.

Valencia: njia ya kuelekea chuo kikuu

Valencia kilianza mwaka 1967 katika mji ambao uchumi wake ulikuwa unaelekea kuegemea utalii. Walt Disney World ilifunguliwa karibu na Orlando mwaka 1971, na tangu hapo hoteli, mikahawa na viwanja vya burudani vimetoa ajira kwa maelfu ya watu, nyingi zikiwa ajira za mshahara mdogo. Mtu anayetandika vitanda hotelini Orlando na anayetaka kuwa mhasibu, muuguzi au mwalimu anahitaji shahada, na chuo kikuu kikubwa cha eneo hilo, yaani University of Central Florida, hakina nafasi ya kumpokea kila anayeomba mara tu anapotoka sekondari.

Kwa bahati nzuri jimbo la Florida lilikuwa limeshaweka msingi. Masomo ya vyuo vya umma vya jimbo hilo yana mfumo mmoja wa namba, kiasi kwamba somo lenye namba fulani katika chuo cha jamii hutambuliwa kuwa ni lilelile katika chuo kikuu, na mwenye stashahada ya miaka miwili ya kumwandaa kwa chuo kikuu anahakikishiwa nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Lakini hakikisho hilo halisemi ni chuo kikuu kipi. Kwa mama mwenye watoto wanaosoma Orlando na mume anayefanya kazi huko, nafasi iliyopatikana katika ncha nyingine ya jimbo haina msaada wowote. Ndipo Valencia, pamoja na vyuo vingine vya eneo hilo, vilipofanya makubaliano na University of Central Florida yanayojulikana kama DirectConnect, ambayo tangu katikati ya miaka ya 2000 yanamhakikishia mhitimu wao nafasi katika chuo kikuu hicho hasa, kilichopo mjini mwake.

Uzito wa makubaliano hayo uko katika utekelezaji wake. Washauri wa chuo kikuu huwa na ofisi ndani ya kampasi za Valencia, na mwanafunzi huzungumza nao tangu mwaka wa kwanza, kabla hajachukua masomo yatakayokuja kukataliwa. Baadhi ya masomo ya shahada hufundishwa katika kampasi za Valencia zenyewe. Wanafunzi wa uuguzi wana programu inayowawezesha kusoma stashahada Valencia na shahada chuo kikuu kwa wakati mmoja. Mwaka 2019 vyuo hivi viwili vilifungua kampasi ya pamoja katikati ya jiji la Orlando, ambako Valencia hufundisha pia upishi na huduma za hoteli, fani ambazo mji huo unaziishi kila siku.

Kuna utaratibu mwingine wa Valencia ambao kwa haraka unaweza kuonekana wa ukali, nao ni ule wa kutomruhusu mwanafunzi kujiandikisha katika darasa ambalo limeshaanza. Vyuo vingi vya jamii viliruhusu watu kujiunga wiki ya kwanza au ya pili kwa nia njema ya kutomfungia mtu mlango, na matokeo yake wanaochelewa walikuwa wa kwanza kufeli. Valencia kilipanga madarasa mengine yanayoanza wiki kadhaa baadaye kwa ajili ya waliochelewa, na hivyo kila mmoja akaanza somo siku ya kwanza pamoja na wenzake. Naona huu ni mfano mzuri wa uongozi katika elimu: kukataa huruma inayomuumiza mwanafunzi na kutafuta nyingine inayomfaa. Chini ya Sanford Shugart, aliyekiongoza kuanzia mwaka 2000 hadi 2021, chuo kiliwekeza pia katika ushauri unaomtaka kila mwanafunzi awe na mpango wa masomo unaoeleweka, tangu siku ya kujiunga mpaka siku ya kuhitimu.

Kwa upande wa mji, athari yake inaonekana hasa katika wilaya ya Osceola, kusini mwa Orlando, ambako familia nyingi zina asili ya Puerto Rico. Valencia kilifungua kampasi Poinciana mwaka 2017, mahali palipokuwa na makazi mengi na hapana chuo, na mwaka 2022 serikali ya wilaya hiyo ilitumia fedha za misaada ya serikali kuu baada ya janga la korona kuwalipia ada vijana waliomaliza sekondari mwaka huo ili wasome Valencia au chuo cha ufundi cha wilaya. Kwa upande wa taifa, mtindo wa hakikisho la nafasi katika chuo kikuu kimoja kilichotajwa kwa jina umeenea. Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili wengi ni programu ya ADVANCE, iliyoanza mwaka 2018 kati ya Northern Virginia Community College na George Mason University, katika viunga vya Washington ambako Waafrika Mashariki ni wengi.

Mwenye kuvutiwa na njia hii azingatie mambo mawili. Hakikisho la kuingia chuo kikuu halimaanishi hakikisho la kuingia katika kila fani, kwani zipo fani zenye nafasi chache, uuguzi ukiwa mmojawapo, ambazo huchagua wanafunzi kwa ushindani. Jambo la pili ni kwamba Florida hutoza nyongeza ya ada kwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayepita kiwango cha krediti kinachotakiwa kwa shahada yake, kwa hiyo kubadilibadilisha fani kuna gharama.

Amarillo: chuo kilichoutazama umaskini usoni

Amarillo ni mji wa watu takribani 200,000 katika uwanda wa kaskazini mwa Texas, nchi ya mifugo, mashamba na viwanda vikubwa vya nyama. Viwanda hivyo vimewavuta wakimbizi kutoka Burma, Somalia na kwingineko, na baadhi yao waliopitia kambi za Kenya wamefika na Kiswahili vinywani. Chuo chake kilianzishwa mwaka 1929, na kwa miongo mingi kilifanya kazi kama vyuo vingine: walimu walifundisha, wanafunzi wengi waliacha masomo, na walioacha walidhaniwa hawakuwa na uwezo.

Mabadiliko yalianza mwanzoni mwa miaka ya 2010, viongozi wa chuo walipowauliza wanafunzi ni vikwazo gani vinawazuia kumaliza. Katika orodha ya vikwazo kumi vikubwa vilivyotajwa, hakuna hata kimoja kilichohusu ugumu wa masomo. Wanafunzi walitaja chakula, nyumba, malezi ya watoto, usafiri, matibabu, bili za umeme na maji, na mengine ya aina hiyo. Russell Lowery-Hart, aliyekuwa rais wa chuo kuanzia mwaka 2014 hadi 2023, aliyachukua majibu hayo kwa uzito ambao viongozi wachache wa elimu ya juu wamewahi kuuonyesha. Chuo kilimchora mwanafunzi wake wa kawaida kwa takwimu na kumpa jina la Maria: mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, mwenye umri wa miaka 27, wa kwanza katika familia yake kusoma chuo, mwenye mtoto, anayesoma kwa muda na kufanya kazi mbili. Kisha kila uamuzi ukapimwa kwa kuuliza kama unamfaa Maria.

Kwanza, chuo kilianzisha kituo cha misaada katika kampasi yake, ambacho kina stoo ya chakula, nguo, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, na mfuko wa dharura unaoweza kulipa bili ya umeme iliyokwama au kutengeneza gari lililoharibika katikati ya muhula. Msaada wa kisheria na ushauri wa afya ya akili vinapatikana pia. Pili, na hili ni jambo ambalo vyuo vingi vinaona ugumu kulifanya, chuo hakimsubiri mwanafunzi aje kuomba. Kinatumia taarifa zake kuwatambua walio katika hatari ya kukwama, na wafanyakazi wa ustawi wa jamii huwatafuta wenyewe. Kwa watu waliolelewa kuona haya kuomba, nasi Waswahili tumo, tofauti kati ya kuomba na kuitwa ni kubwa mno. Tatu, sehemu kubwa ya masomo ilihamishwa kutoka mihula ya wiki 16 kwenda vipindi vya wiki 8. Mwanafunzi husoma masomo mawili kwa wakati mmoja badala ya manne, na mtoto akiugua au zamu za kiwandani zikibadilika, anachopoteza ni kipindi kimoja kifupi, si nusu mwaka nzima.

Matokeo yalikuwa makubwa. Kiwango cha wanafunzi wanaomaliza ndani ya miaka mitatu, ambacho mwanzoni kilikuwa chini sana, kilipanda zaidi ya mara mbili katika muongo mmoja, na tuzo ya mwaka 2023 ilikuwa kukiri hilo. Mji wenyewe nao uliingia: kupitia shirika lake la maendeleo ya uchumi, ukishirikiana na mamlaka ya shule, wahitimu wa sekondari za Amarillo waliotimiza masharti wanaweza kulipiwa krediti 60 katika chuo hicho, yaani stashahada nzima. Chuo hupata pia sehemu ya mapato yake kutokana na kodi ya majengo na ardhi ya wakaazi wa eneo lake, kwa hiyo mwenye nyumba Amarillo amekuwa akichangia elimu ya jirani yake anayechinja ng'ombe kiwandani.

Kitaifa, Amarillo kilibadilisha mjadala. Kabla yake, stoo ya chakula chuoni ilikuwa sadaka ya pembeni; baada yake, vyuo vingi vilianza kuona kwamba kumlisha mwanafunzi ni sehemu ya kumfundisha. Lowery-Hart alipohamia Austin Community College mwaka 2023, alikwenda na fikra hizo katika mji mkuu wa Texas, na mwaka uliofuata chuo hicho kikaanza kuwasomesha bila ada wahitimu wa sekondari wa eneo lake. Mwaka huo wa 2023 jimbo lenyewe lilibadilisha sheria ya ufadhili wa vyuo vya jamii, ili fedha zifuate idadi ya wanafunzi wanaopata vyeti na wanaohamia vyuo vikuu, badala ya kufuata tu idadi ya walioandikishwa.

Udhaifu wa njia ya Amarillo, kwa mwenye kuchagua, ni kwamba inatibu kwanza kinachomfanya mtu aache masomo, na swali la aende wapi baada ya hapo linabaki kuwa kubwa. Texas haina hakikisho la jimbo zima linalofanana na lile la Florida, na mwanafunzi wa Amarillo anayetaka shahada anapaswa kujua mapema ni chuo kikuu gani analenga, kama vile West Texas A&M University kilichopo jirani katika mji wa Canyon, na makubaliano ya krediti kati ya pande hizo mbili yanasemaje kuhusu fani yake.

Lake Area: kutoka darasani moja kwa moja kazini

Kuhusu Lake Area maelezo hayahitaji kuwa marefu, kwa sababu chuo hiki kina lengo moja na hakiendi kando. Watertown ni mji mdogo wa watu zaidi kidogo ya 20,000, katika jimbo la wakulima lenye baridi kali na uhaba wa mafundi. Chuo, ambacho mpaka mwaka 2020 kiliitwa Lake Area Technical Institute, kinafundisha uuguzi, uchomeleaji, ufundi wa injini za dizeli, matengenezo ya ndege, kilimo, roboti za viwandani na fani nyingine ambazo waajiri wa eneo hilo wanazihitaji, na waajiri hao hushiriki katika kupanga kinachofundishwa na kutoa mashine za kujifunzia.

Siri ya chuo hiki ni ratiba. Mwanafunzi haandikishwi katika somo moja moja kwa hiari yake. Anaingia katika fani pamoja na kundi, nalo kundi husoma pamoja masomo yaliyopangwa tangu mwanzo, kwa siku nzima, mpaka wamalize. Mwalimu anayemfundisha kila siku anajua mara moja nani hakuja, na wenzake nao wanajua. Kiwango cha kumaliza katika chuo hiki ni cha juu mno kikilinganishwa na wastani wa taifa, na karibu wahitimu wote huwa wamepata kazi au wanaendelea na masomo muda mfupi baada ya kuhitimu. Mwaka 2014 mfadhili T. Denny Sanford na serikali ya jimbo walitangaza mfuko wa dola milioni 50, kila upande ukitoa nusu, kwa ajili ya ufadhili kamili uitwao Build Dakota kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya South Dakota wanaoahidi kufanya kazi jimboni kwa miaka mitatu baada ya kuhitimu.

Anayekichagua chuo cha aina hii ajue anachokiacha. Ratiba ya siku nzima haimfai mwenye kazi ya mchana ambayo hawezi kuiacha. Stashahada ya ufundi nayo ina krediti nyingi ambazo vyuo vikuu havizitambui, hivyo mwenye ndoto ya kuwa mhandisi na si fundi anaweza kulazimika kuanza upya sehemu kubwa ya masomo.

Vikiwekwa pamoja

Kwa swali la nani anafika mbali zaidi kielimu, Valencia kinaongoza, na sababu ni kwamba chuo hicho hakifanyi kazi peke yake: kimefungwa pamoja na chuo kikuu, na chuo kikuu kimefungwa na sheria ya jimbo. Kijana wa miaka 18 anayeishi na wazazi wake, mwenye muda wa kusoma na lengo la shahada, hana sababu ya kukikosa chuo cha namna hiyo ikiwa kipo karibu naye. Akifuata mpango, miaka yake miwili ya mwisho itakuwa katika chuo kikuu na cheti chake kitakuwa cha chuo kikuu hicho, bila alama yoyote ya pale alipoanzia.

Kwa mtu mzima mwenye watoto, kodi ya nyumba na zamu zinazobadilika, nakitanguliza kielelezo cha Amarillo bila kusita. Kinachomwangusha mtu huyu kwa kawaida hakiko kwenye hisabati. Anaanguka wiki ya sita, gari likiharibika au mlezi wa mtoto akiacha kazi, na chuo kisichojua hilo kitamwandikia alama ya kufeli na kumwacha aende. Uthibitisho wa wazo hili unatoka pia kwingine. Chuo kikuu cha jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 programu ya ASAP katika vyuo vyake vya jamii, ikimtaka mwanafunzi asome kwa muda wote na kumpa mshauri mwenye wanafunzi wachache, nauli ya treni na basi, na msaada wa vitabu. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya programu na wengine nje, na baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya walio ndani walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya walio nje. Vyuo vitatu vya Ohio vilipoiga, vilipata matokeo yanayokaribiana. Programu ilitumia fedha zaidi kwa kila mwanafunzi, lakini gharama kwa kila mhitimu ilishuka.

Lake Area ni jibu la anayehitaji mshahara mzuri ndani ya miaka miwili na anayeweza kutenga siku zake zote kwa masomo. Wapo wazazi wetu wanaosikitika mtoto akichagua uchomeleaji au ufundi wa ndege. Nawasihi waulize kwanza mishahara ya fani hizo katika jimbo lao, na wailinganishe na mshahara wa mwenye shahada isiyo na soko.

Kuhusu uongozi wa kitaifa, kwa maoni yangu Valencia kimeathiri sera kwa muda mrefu zaidi, Amarillo kimeathiri dhamiri za wanaoendesha vyuo, na Lake Area, pamoja na ubora wake, kimeigwa kidogo kuliko inavyostahili, kwa kuwa kupanga ratiba ya chuo kizima upya kunahitaji walimu na wakuu wa idara waache mazoea waliyoyazoea kwa miaka.

Kama huishi karibu na chochote kati ya hivi

Wengi wa wasomaji hawaishi Orlando, Amarillo wala Watertown, na kuhama kwa ajili ya chuo cha jamii ni kosa mara nyingi, maana ada nafuu ni ya mkaazi. Florida na Texas, kwa mfano, kwa kawaida hutaka uwe umekaa jimboni miezi 12 kabla ya kutozwa ada ya mkaazi. Tumia vyuo hivi vitatu kama vipimo vya kile kilicho karibu nawe.

Nenda ofisi ya ushauri na uulize kama kuna chuo kikuu kilichotajwa kwa jina kinachowahakikishia wahitimu wa chuo hicho cha jamii nafasi, na uombe kuona orodha ya masomo ya fani yako, kutoka muhula wa kwanza hadi shahada, ikiwa imeandikwa. Mshauri akikujibu kwamba krediti "kwa kawaida hutambuliwa", hajakujibu bado. Uliza mwanafunzi aliyekatiwa umeme anakwenda ofisi gani, na utazame kama anayekujibu anaijua ofisi hiyo au anaanza kutafuta. Uliza kila mshauri ana wanafunzi wangapi. Serikali ya Marekani ina tovuti iitwayo College Scorecard inayoonyesha bure, kwa kila chuo, wangapi wanamaliza na wahitimu wanapata kipato gani. Itazame kabla ya kusikiliza sifa za yeyote, zikiwemo sifa nilizozitoa hapa, kwa kuwa tuzo ya mwaka 2011 au 2017 ilipimwa kwa wanafunzi wa wakati ule, na marais waliozileta wengine wameshaondoka.

Anayeomba kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura kwa viza ya mwanafunzi ana hesabu tofauti. Hastahili Pell Grant, atalipa ada ya asiye mkaazi, ambayo huwa juu mara kadhaa, na masharti ya viza yanamtaka asome kwa muda wote, hivyo njia ya kusoma polepole huku akifanya kazi imefungwa kwake. Kwake yeye chuo cha jamii bado kinaweza kuwa na maana, lakini pale tu kilipo na makubaliano ya maandishi na chuo kikuu ambacho familia yake imeshahesabu gharama zake za miaka miwili ya mwisho. Mwenye kadi ya kijani au uraia, kwa upande wake, aanze na fomu ya FAFSA ya kuomba msaada wa masomo, ambayo kuijaza ni bure. Aijaze mapema, mara tu fomu ya mwaka husika inapofunguliwa, kwani baadhi ya misaada ya majimbo na ya vyuo vyenyewe hutolewa kwa waliotangulia kuomba mpaka fedha ziishe.